Toleo la 2.4

Saa nane usiku, Nkuhungu. Upepo unavuta bati
kama mtu anayetafuta msumari ulioachia.
Toleo limekamilika: faili mia tatu na kumi na mbili,
msimbo wa kuhesabia ndoo kwenye vituo vya kuchotea maji,
pamoja na mikwaruzo yangu yote pembeni, kama ile:
"Hapa usiguse, Nyemo. Uliwahi kulia hapa."

Kwanza tar. Tar haibani kitu,
inafunga tu, kama shuka linavyofunga vyombo vya msibani,
sufuria, miko, ungo ule wa jirani,
kila kimoja na jina la mwenyewe limepakwa rangi chini yake.
Megabaiti arobaini na moja.
Sasa nibane kwa nini?

Mama angenielewa.
Mlenda wake huuanika juu ya tembe,
huutwanga, huuchekecha,
bonde zima la masika likaingia kibuyuni.
Kiangazi, maji ya moto, magadi kidogo,
majani yanarudi. Si yote.
Harufu ya mvua hairudi.
Hapo ndipo mimi na mama tunapoachana:
changu lazima kirudi na kila nukta,
na nafasi tupu mwishoni mwa mstari,
na kosa la tahajia nililoliona nikaliacha.

Nikajaribu xz, kwa nguvu yake ya mwisho.
Feni ikalia kama mashine ya kusaga.
Nikachemsha chai, nikanywa, nikasuuza kikombe.
Megabaiti sita na kidogo! Nikapiga makofi peke yangu.
Gz ilikuwa imetoka kabla sijakaa vizuri: tisa.
Bzip nayo ilikuwepo, katikati,
kama mjomba wa pili kwenye kikao cha mahari,
hana ubaya, ila hakuna aliyemuuliza.

Chilewa wa Kolo hununua bando la shilingi mia tano
akasimama juu ya jiwe moja analolijua yeye na mnara.
Aliniandikia: "Bana, dada. Bana mpaka ipige kelele."

Lakini Masima wa Kibakwe
ana kompyuta iliyostaafu zahanati, kumbukumbu yake fupi.
Toleo lililopita nilimpelekea xz. Akapiga simu:
"Mzigo umefika, Nyemo. Mlango ndio haupo."
Siku tisa alihesabu ndoo kwenye daftari la mwanawe,
nyuma ya hesabu za sehemu,
mpaka mtu akatoka Mpwapwa na kifunguzi kwenye flashi.

Kumbe uzito hauondoki. Unahama.
Nikiutua kwenye bando la huyu, unapanda kichwani kwa yule,
na mimi niliyeutua napiga makofi.

Ndani ya faili la NISOME nikaandika ubeti:

   Mzigo ukishafungwa, fundo ajue mwenyewe,
   Hata ukisha kusongwa, usije kuwa ni jiwe,
   Kijiji kilicholengwa, na ufunguo kipewe,
   Mtu asije katengwa, maji yake yachelewe.

Niliubana peke yake, kwa udadisi tu.
Haukupungua kitu cha maana.
Arudhi ilikwisha kubana.

Basi gz iwe ya wote, iwe ya kwanza kwenye orodha.
Xz ikae pembeni yake, kwa ajili ya jiwe la Kolo.
Chini yao, tarakimu ndefu za uthibitisho,
ili anayepokea ajue hakuna aliyefungua njiani.
Kupakia: asilimia thelathini. Sitini na moja.
Umeme ukakatika.
Nikakaa gizani na upepo na bati lake.
Ukarudi saa kumi na robo. Nikaanza upya.

Asubuhi, ujumbe kutoka Kibakwe:
"Umefunguka. Nimejenga, inahesabu."
Halafu, baada ya dakika kama ishirini:
"Samahani, dada. Mstari wa themanini na nane,
ulilia nini?"